Maziwa Mawili ya Penllyn

Mgeni akionyeshwa picha mbili, moja ya Llyn Tegid na nyingine ya Llyn Celyn, kisha akaulizwa lipi kati ya maziwa hayo limekuwepo tangu enzi na enzi na lipi liliamuliwa na Bunge, atabaki kubahatisha. Yote mawili yako Penllyn, kaunti ya Gwynedd, kaskazini mwa Welisi, na kati yake hazifiki hata kilomita kumi. Yote yamezungukwa na vilima vya kijani vilivyokatwakatwa na kuta za mawe, kondoo wamejaa huku na huku, na ukungu wa asubuhi hauchagui pa kutua. Llyn Tegid, lenye urefu wa kilomita sita hivi, ni kazi ya barafu ya zama za kale na ndilo ziwa la asili kubwa kuliko yote nchini humo. Llyn Celyn lilizinduliwa rasmi mwaka 1965, na chini yake kuna kijiji. Nikizikumbuka siku za kutembea taratibu katika sehemu hizo, nikiwa nimefikia kwa marafiki, jambo ninalolirudia ni hilo: macho peke yake ni shahidi asiyetosha. Ndiyo hoja ninayotaka kuitetea hapa. Siku moja ya kuzunguka polepole na wenyeji wanaoishi kwa Kiwelisi humpa mgeni elimu ambayo wiki nzima ya kukimbizana na kitabu cha mwongozo haitampa, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachostahili kuonwa huko haionekani. Husimuliwa, au husikika tu.

Siku ya namna hiyo huchelewa kuanza. Kwanza kuna chai, na pamoja na chai kuna kipande cha bara brith, mkate mzito wa zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai usiku kucha, uliopakwa siagi ya chumvi kwa unene ambao daktari asingeupenda. Ratiba haipo, au kama ipo hakuna anayeifuata. Barabara ni nyembamba, na magari mawili yakikutana madereva hushusha vioo wakaulizana habari za mama, za kondoo na za mvua, huku injini zikiunguruma. Mgeni mwenye haraka huona huku ni kupoteza muda. Kwangu mimi hapo ndipo ziara inapoanza, maana mazungumzo hayo ya dirishani ndiyo mandhari yenyewe: lugha ya watu wachache ikifanya kazi yake ya kila siku bila kutazamwa na mtalii yeyote. Katika sensa ya 2021 watu wapatao 538,000, yaani asilimia 17.8 ya wakazi wa Welisi wenye umri wa miaka mitatu na kuendelea, walisema wanakijua Kiwelisi. Kwa Gwynedd peke yake ilikuwa asilimia 64.4. Tarakimu hizo mtu anaweza kuzisoma akiwa popote. Asichoweza kukipata popote ni kujua Kiwelisi hicho hutumika saa ngapi, na nani, kwa shughuli gani.

Llyn Celyn ndilo ushahidi mkubwa wa hoja hii, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Katikati ya miaka ya 1950 halmashauri ya jiji la Liverpool, ambalo liko Uingereza, ilitaka maji zaidi na ikalichagua bonde la Tryweryn. Ndani yake kilikuwamo kijiji cha Capel Celyn, chenye kanisa, shule, posta na nyumba chache pamoja na mashamba, na watu wake waliishi kwa Kiwelisi tangu kuamka hadi kulala. Badala ya kuomba kibali kwa mamlaka za Welisi, Liverpool ilikwenda moja kwa moja Bungeni London ikapata sheria yake mwaka 1957, ingawa wabunge wa Welisi karibu wote waliipinga. Mwezi Novemba 1956 wanakijiji, watoto wakiwemo, walikuwa wameandamana katika mitaa ya Liverpool kuomba waachwe walipo. Haikusaidia. Watu 48 kati ya 67 wa bonde hilo walipoteza makao yao. Makaburi mengine yalihamishwa, mengine yakafunikwa yakaachwa yamezwe na maji pamoja na waliolala ndani yake. Sherehe ya uzinduzi, Oktoba 1965, ilivurugwa na waandamanaji. Mwaka uliofuata Gwynfor Evans akawa mbunge wa kwanza wa chama cha Plaid Cymru, na kumbukumbu ya bonde hilo haijaacha kuisukuma siasa ya Welisi tangu wakati huo. Halmashauri ya Liverpool ilikuja kuomba radhi mwaka 2005, miaka arobaini baada ya maji kujaa.

Sasa mweke mtalii wa kawaida kando ya ziwa hilo, jua likiwa limetoka. Ataona maji ya samawati, mlima wa Arenig ukiwa nyuma yake, na ukuta wa bwawa ulioota majani ukafanana na kilima kingine chochote. Akiteremka chini ya bwawa atakuta kituo cha michezo ya majini, ambako watu hulipa wapande mashua za mpira na kuteremka katika mkondo wa Mto Tryweryn wakipiga mayowe ya furaha. Mkondo huo una nguvu kwa sababu maji hufunguliwa kutoka bwawani, na maji hayo hayaendi Liverpool kwa bomba: hufuata mto hadi Mto Dee, yakachotwa mbali huko chini, upande wa Chester. Hakuna kosa katika mayowe yale. Lakini mtu anaweza kulowa chapachapa kwa maji ya Capel Celyn, akapiga picha, akarudi kwao bila kujua kuwa amepita mahali hapo. Anayefuatana na mwenyeji huwa amesimamishwa kwanza kwenye kanisa dogo la ukumbusho ukingoni, lililojengwa kwa mawe ya bonde lililozama, na ameambiwa kwamba miaka ya ukame maji yakipungua misingi ya nyumba na mabaki ya kuta huchomoza kwenye tope. Ziwa ni lile lile. Analoliona si lile lile.

Kati ya bwawa hilo na mji wa Bala kuna Frongoch, ambako gari linaweza kupita bila dereva kubadili gia. Leo mtu ataona shule ya msingi. Mwaka 1916, baada ya uasi wa Pasaka huko Dublin, serikali ya Uingereza iliwafungia hapo wanaume wa Kiayalandi wapatao 1,800, Michael Collins akiwa mmoja wao, katika majengo ya kilichokuwa kiwanda cha wiski na vibanda vya mbao vilivyoongezwa kando. Kuwakusanya pamoja watu waliotaka kuipindua himaya kukawapa nafasi ya kujuana na kupanga mengine. Kibao cha ukumbusho kipo, kimeandikwa kwa Kiayalandi, Kiwelisi na Kiingereza. Wenyeji hukitaja kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekuonyesha duka lilipokuwa zamani.

Bala yenyewe ni barabara moja kuu, mawe ya kijivu na maduka pande mbili, na mgeni anayetafuta picha huimaliza kwa nusu saa. Mbele ya kanisa la Capel Tegid imesimama sanamu ya Thomas Charles, mhubiri wa Kimethodisti aliyeeneza shule za Jumapili ambazo maelfu ya Wawelisi walijifunzia kusoma lugha yao. Mwaka 1800 msichana wa miaka kumi na mitano, Mary Jones, alitembea kama kilomita arobaini kuvuka milima kwenda kununua Biblia kwake. Wasimulizi wamekipamba kisa hicho kwa namna zao, lakini kiini chake hakibishaniwi, na hutajwa siku zote pamoja na kuanzishwa kwa Chama cha Biblia huko London mwaka 1804, ambacho Charles alikuwa miongoni mwa waliokisimamisha. Hapo msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusimama. Chama hicho ndicho kilichokuja kuchapisha Maandiko kwa Kiswahili, na Biblia ya Union iliyotoka kamili mwaka 1952, ambayo bado inasomwa katika makanisa kuanzia Mombasa hadi Mbeya, imepitia mikononi mwake. Sanamu hiyo ina uhusiano na rafu za vitabu vya nyumbani kwetu, na hakuna kitabu cha mwongozo cha Kiingereza kitakachomwambia hivyo mtu wa Pwani. Rafiki mwenyeji huanza habari ya Mary Jones, mgeni akaongeza ya kwake, na hadithi ikatimia kati yao wawili.

Kwenye ncha nyingine ya Llyn Tegid, mwisho wa reli ndogo ya watalii inayopita kando ya maji, kuna kijiji cha Llanuwchllyn. Alizaliwa hapo O. M. Edwards mwaka 1858, naye aliandika katika kumbukumbu zake jinsi alivyovalishwa shuleni kipande cha mbao kilichoitwa Welsh Not. Mtoto aliyeteleza akasema Kiwelisi alifungwa kibao hicho shingoni kwa kamba. Akimsikia mwenzake akiteleza, kilihamia kwa huyo, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyeadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha, ameeleza utaratibu unaofanana na huo katika shule za Kenya za utoto wake, hata kile kipengele cha kuwafanya watoto wawindane. Wengi wa wasomaji wetu hawahitaji kitabu kuujua, wameuvaa. Mtoto yule wa Llanuwchllyn alikua akawa mkaguzi mkuu wa shule za Welisi, na mwanawe, Ifan ab Owen Edwards, akaanzisha mwaka 1922 jumuiya ya vijana iitwayo Urdd. Kambi yake ya Glan-llyn iko ukingoni mwa ziwa lile lile, na tangu 1950 watoto hupelekwa huko kupiga makasia, kuogelea na kugombania mpira kwa Kiwelisi. Naona hilo ni jibu zuri kwa kibao kuliko hotuba yoyote: lugha iliyoadhibiwa darasani ikapewa kazi ya kuchezea. Kutoka barabarani, Glan-llyn ni majengo na mitumbwi tu.

Pingamizi la kwanza ni la kibinadamu kabisa. Mtu yuko likizoni, amechoka na kazi, na mimi ninamrundikia mabwawa, wafungwa na vibao vya shingoni. Kwa nini asiachiwe ziwa liwe ziwa? Nakubali kwamba mapumziko ni haki, na kwamba kuna mgeni msumbufu anayetaka kila jiwe limweleze historia. Lakini tazama jinsi elimu hii inavyokuja. Hakuna mhadhara. Inakuja kati ya kipande cha mkate na kingine, au wakati wa kungoja kondoo wavuke barabara, na nyingi yake huja kwa sababu hakuna anayeharakisha. Anayechosha ni yule mwenye orodha ya vivutio kumi kabla ya jua kutua. Siku yenye vituo vitatu, viwili kati yake bila mpango, inapumzisha na kufundisha kwa pamoja, na Waswahili waliobuni baraza za kukalia mbele ya nyumba hawana haja ya kushawishiwa kuhusu hilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wenyeji nao wana upande wao. Mgeni anayetembezwa na rafiki ataonyeshwa madonda ya rafiki na kusikia kesi kwa mlalamikaji mmoja. Kweli. Liverpool ilikuwa na wakazi waliohitaji makazi bora na viwanda vilivyohitaji maji, na ujenzi wa bwawa ulileta ajira katika eneo ambalo halikuwa na nyingi. Hata hivyo, uzoefu wangu wa wenyeji wa namna hii ni kwamba, wakipewa muda, hujipinga wenyewe. Watakutajia kwamba Michael D. Jones, mchungaji wa hapo hapo Penllyn, ndiye aliyesukuma safari ya meli ya Mimosa mwaka 1865, iliyowapeleka Wawelisi wapatao 150 Patagonia kutafuta mahali ambapo lugha yao isingebughudhiwa. Na ardhi waliyoiendea ilikuwa ya wenyewe, watu wa asili wa Argentina. Watakwambia pia, kama wanajua unatoka upande wetu wa dunia, kwamba Stanley si Mwingereza. Alizaliwa Denbigh, kaskazini mwa Welisi, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Huyu ndiye aliyefika Ujiji mwaka 1871, na ndiye aliyemfungulia mfalme Leopold njia ya Kongo. Sanamu yake imesimama katika mji alikozaliwa, na wananchi walipoulizwa mwaka 2021 kama iondolewe, wengi wa waliopiga kura walitaka ibaki. Mtu aliyetoka katika taifa lililobanwa akawa chombo cha kubana wengine. Kibao cha barabarani hakiwezi kubeba mgongano huo, ila meza ya jikoni inaweza.

Upande wetu nao una la kujibu. Msomaji wa Kiswahili akisikia habari za Capel Celyn hujiweka haraka upande wa waliozamishwa, kwa kuwa anakumbuka Kiingereza shuleni na kibao shingoni. Lakini Kiswahili chenyewe, kwa Mzigua au Mndengereko, ni lugha kubwa inayokuja na ofisi, shule na redio. Tunafanana na Kiwelisi tukitazamwa kutoka juu, na tunafanana na Kiingereza tukitazamwa kutoka chini. Kuna jambo jingine linaloudhi zaidi. Lugha ile ya watu nusu milioni ina shule za sekondari zinazofundisha fizikia na hesabu kwa lugha hiyo, ina televisheni yake, S4C, tangu 1982, na ina hadhi rasmi kwa sheria ya 2011. Kiswahili, ambacho UNESCO husema kina wasemaji zaidi ya milioni 200, kilipata sheria ya kukifanya lugha ya mahakama za Tanzania mwaka 2021 tu, na mwanafunzi wa sekondari bado anakaririshwa fizikia kwa Kiingereza. Wingi wa vinywa haujawahi kuwa kipimo cha kazi.

Kuna watakaosema: hayo yote yanaelezwa kwa Kiingereza, maana mgeni hajui Kiwelisi, sasa sikio lake limesikia nini? Limesikia mengi. Asiyejua lugha bado anaweza kuona inatumiwa kwa nani. Mwuza nyama akizungumza na mteja mzee kwa Kiwelisi, akamgeukia mgeni kwa Kiingereza kumwuliza anataka kilo ngapi, kisha akarudi kwa mzee bila kukatiza kicheko alichokiacha, mgeni amepewa somo zima la adabu ya lugha mbili kwa muda wa kufunga soseji kwenye karatasi. Atagundua mbwa wa kuchunga kondoo anaamrishwa kwa lugha gani, na watoto hugombana kwa lugha gani wakidhani hawasikiwi. Ataacha pia kuamini ule uvumi wa zamani, kwamba Wawelisi hubadilisha lugha mara tu mgeni anapoingia dukani ili wamsengenye. Walikuwa wakiongea hivyo tangu asubuhi. Yaliyobadilika ni mazingira ya mgeni. Mtu yeyote aliyekua kati ya Kidigo na Kiswahili analijua hili bila kuelezwa.

La mwisho ni fedha, na hapa sina jibu jepesi. Utalii wa kutazama tu, hata ukiwa kipofu, hulipa mishahara. Marafiki wanaokualika nyumbani hawakutozi chochote, na chai ya bure haiokoi kijiji. Tatizo ni kwamba uzuri wa macho ndio unaouza nyumba. Aliyependa ziwa bila kujua watu wake hununua kibanda cha kuja wiki chache kwa mwaka, bei inapanda, na kijana aliyezaliwa hapo anahamia mjini pamoja na Kiwelisi chake. Tangu Aprili 2023 Gwynedd imezitoza nyumba za pili nyongeza ya asilimia 150 juu ya kodi ya kawaida ya halmashauri, na mwaka 2024, katika sehemu zilizo nje ya Hifadhi ya Eryri, ikaanza kudai kibali kabla nyumba ya kuishi haijageuzwa ya likizo. Hatua hiyo ya pili ilipingwa mahakamani na baadhi ya wenyeji hao hao, waliohofu thamani ya nyumba zao kuporomoka, wala siwezi kuwacheka. Lakini mfano wa fedha ya mgeni kuingia mahali panapofaa upo, na ni mkongwe. Huko Llithfaen, kwenye rasi ya Llŷn, wanakijiji waliichukua baa yao, Tafarn y Fic, mwaka 1988 ili isipotee, na mpaka leo ni mali yao. Mgeni anayeletwa hapo na rafiki jioni hulipa bei ile ile ya kinywaji, chenji anarudishiwa na mtu ambaye huenda ana hisa katika kaunta anayoifuta, na mazungumzo pande zote mbili za kaunta hiyo hayapunguzwi sauti kwa ajili yake.